Fuvu la Mzee Mwasaru Lililo Mezani Kwako

Kaloleni, Voi
Jumamosi, 15 Julai 1972
Asubuhi mawingu mazito juu ya kilima cha Sagalla, upepo wa vumbi, baridi ya kuvaa sweta. Mvua haikunyesha.

Kwa Mhariri,
Kitabu cha Mwaka cha Wavulana Hodari,
London.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Ikiwa umekwisha kufariki, kama mwalimu mwenzangu Ndunge anavyodhani, namwomba aliyerithi kiti chako aisome kwa niaba yako, kwa sababu makosa yako hayakuzikwa pamoja nawe. Yako kabatini kwetu, yamejaladiwa kwa kitambaa chekundu chenye herufi za dhahabu.

Jina langu ni Elsie Wakesho. Nina umri wa miaka ishirini na tisa, nilimaliza kidato cha nne, ninafundisha darasa la sita katika shule ya msingi hapa Kaloleni, na mimi ndiye ninayetunza ufunguo wa kabati la vitabu. Ninakuandikia kwa Kiswahili bila wasiwasi wowote. Katika toleo lako la mwaka 1913, ukurasa wa 88, kijana Reginald, mwenye umri wa miaka kumi na sita, alijifunza lugha ya wenyeji kwa siku nne, tena akiwa amelala hemani kwa homa. Wewe uliyemhariri, na ambaye naamini huna homa, nimekukadiria siku mbili.

Vitabu vyako vilitufikia hivi. Tarehe 3 Juni, meneja wa shamba moja la mkonge alikuwa akifunga mizigo kurudi kwao Uingereza, akaipa shule yetu sanduku zima. Ndani yake mlikuwa na matoleo sita ya kitabu chako, kuanzia 1908 hadi 1913, pamoja na raketi moja ya tenisi isiyo na nyuzi. Raketi sina malalamiko nayo.

Katika toleo la 1913 kuna kisa kiitwacho "Pango la Mfalme Mla-Watu". Chini ya kichwa pameandikwa kwamba ni kisa cha kweli. Kwa kuwa umehariri visa vingi, nakukumbusha kwa ufupi. Reginald anashuka katika garimoshi hapa stesheni ya Voi pamoja na mjomba wake mwindaji. Anapanda hadi Mwanda, katika vilima vya Taita. Anaingia ndani ya pango linalolindwa na mashujaa arobaini wenye mikuki, ananyakua fuvu la mfalme wao wa kale, na kukimbia nalo. Mwisho wa kisa wewe mwenyewe umeongeza maneno kwamba fuvu hilo sasa liko mezani kwako, na kwamba unalitumia kuzuia karatasi zisipeperuke.

Mhariri, Mwanda ndiko kwetu. Pango ni la ukoo wetu. Na kwa sababu ya fuvu hilo, mimi mpaka leo sijaolewa.

Malalamiko yangu nimeyapanga kuanzia dogo.

1. Kuhusu simbamarara. Katika ukurasa wa 84, Reginald anamuua simbamarara ndani ya msitu wa minazi, nusu ya njia ya kwenda Mwanda. Mwanda kuna baridi, ukungu, kabeji na viazi. Mnazi ukiupanda kule utakufa kwa mafua. Tena simbamarara ni mnyama wa Bara Hindi. Nilimfundisha mwaka jana, muhula wa pili. Kwa hiyo ama Reginald alikosea meli akashukia bara jingine, ama alimleta mnyama huyo mwenyewe. Ikiwa alimleta, naomba kujua kama alimleta mmoja tu au jozi. Mwanafunzi wangu mmoja ambaye kwao ni Mwanda amewaandikia wazazi wake kwamba likizo hii hataweza kuokota kuni, na ametaja ukurasa.

2. Kuhusu chakula chetu. Umeandika kwamba sisi ni wala-watu, na mchoraji wako ametuchora tumezunguka chungu, mmoja wetu ameshika chumvi. Baba Mkubwa wangu, Fanuel Mwandawiro, mwenye umri wa miaka sabini na mzee wa kanisa, amebaki na meno manne, na hata mahindi ya kuchoma huyapukuchua kwanza. Sikatai moja kwa moja. Mimi nilizaliwa 1943 na siwezi kuapa juu ya mambo ya nyuma. Ninachoomba ni jina la mtu mmoja aliyeliwa, na kwao ni wapi, ili twende tukawape pole jamaa zake. Kwetu msiba hauna kuchelewa. Tukishindwa kumpata hata mmoja, nitaomba mchoraji afute chungu. Chumvi anaweza kuiacha.

3. Kuhusu mashujaa arobaini. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Kisa kina kurasa ishirini na nne. Farasi wa mjomba ana jina, mbwa ana jina, bunduki ina jina, na la bunduki ni la kike. Wazee wetu wanasema "Wa! Wa!" na kuanguka kifudifudi. Nimemuuliza Baba Mkubwa, ambaye mwaka 1912 alikuwa mtoto wa miaka kumi. Anasema wanaume wenye mikuki wakati ule hawakufika arobaini, walikuwa kumi na mmoja, na saba kati yao walikuwa chini huku wakilima mkonge. Kwa hiyo waliobaki kulinda pango walikuwa wanne, na mmoja alikuwa na pumu. Naambatisha majina ya hao wanne. Wale thelathini na sita wengine naomba mtueleze mliwatoa wapi, maana kama kuna ukoo mzima ulipita kwetu bila kujitambulisha, chifu anataka kujua.

4. Kuhusu fuvu lenyewe. Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo penye maumivu yangu.

Zamani kwetu, mzee aliyeheshimika akifa alizikwa, na baada ya mwaka mmoja au zaidi fuvu lake lilitolewa kaburini, likawekwa pangoni katika safu ya wenzake wa ukoo. Hapo ndipo watu walipokwenda kuwaeleza shida zao. Siku hizi sisi ni Wakristo na hatuendi, ingawa hakuna mtu Mwanda asiyejua babu yake ni wa ngapi kutoka kushoto. Fuvu ulilonalo ni la Mzee Mwasaru, baba wa babu yangu. Hakuwa mfalme. Alifuga nyuki.

Mwaka 1912 wazee walikwenda kuhesabu baada ya mavuno, kama ilivyokuwa desturi, wakakuta pengo. Pango liko juu ya shamba la jirani zetu kina Mghalu, na njia ya kulifikia inapita uani mwao, kati ya jiko na zizi. Hata kuku hapiti pale bila kuulizwa anakwenda wapi. Babu yangu Josephat, mtoto wa marehemu, akasema basi ni wao. Wamemchukua baba yake kwa uchawi. Kina Mghalu wakaapa kwamba si wao. Hawakuaminiwa.

Hiyo ni miaka sitini sasa, Mhariri. Kina Mghalu hawali kwetu, wala sisi hatuli kwao. Kanisani wao hukaa kushoto, sisi kulia. Mwaka 1958 mchungaji mgeni aliuliza kama kushoto ni upande wa wageni, akajibiwa kwa kikohozi cha kanisa zima. Tunazikana, lakini kila upande huleta majembe yake.

Sasa mimi nilikutana na Gibson Mghalu. Ni karani wa reli hapa Voi. Alikuja shuleni tarehe 9 Machi mwaka jana kutuletea maboksi ya chaki yaliyochelewa. Shajara yangu ya siku hiyo inasema: "Karani mrefu. Amehesabu chaki mara mbili, na mara zote mbili amepata jibu moja. Ni wa kina Mghalu!!" Alama za mshangao zilikuwa za woga. Kufikia Agosti zilikuwa za kitu kingine.

Baba yangu alifariki mwaka 1960, kwa hiyo wa kunioza ni Baba Mkubwa Fanuel. Gibson alipotuma wazee kwa mara ya kwanza, Baba Mkubwa hakuwakaribisha ndani. Alisimama mlangoni akawaambia: "Leteni kichwa cha babu yangu, nami nitawapa binti. Kichwa kwa kichwa." Mama yake Gibson alipopata jibu hilo akasema, na alisema sokoni ili lifike haraka: "Mwanangu anahamishiwa Kisumu tarehe mosi Agosti. Kule kuna wasichana ambao babu zao wamekamilika."

Kwa hiyo, Mhariri, karatasi zako hazipeperuki, lakini mchumba wangu anapeperuka.

5. Kuhusu kuchanganya kweli na uongo. Nilipokiona kisa chako nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaomba ruhusa ya siku moja. Mwizi amepatikana, tena amekiri mwenyewe kwa maandishi na picha! Jumapili tarehe 11 Juni nilipanda Mwanda, nikamsomea Baba Mkubwa kisa chote, nikimfasiria kwa Kidawida, lugha yetu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza kama kitabu hicho kinasema sisi tunakula watu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama hichohicho ndicho kinachosema Mzungu ndiye aliyechukua fuvu. Nikasema ndiyo.

Akaniambia: "Basi chagua, Wakesho. Kama mwandishi ni mkweli, mimi ni mla-watu, na mla-watu haruhusiwi kuoza binti kanisani. Kama ni mwongo, hatujui ni nani aliyechukua, na mambo yabaki yalivyokuwa. Huwezi kuokota maneno ndani ya kitabu kama mtu anayechambua maharagwe, hili zuri, hili lina mdudu."

Nilimsimulia Mwalimu Ndunge. Akasema: "Bahati yako huyo mzee hakusoma sheria, dada. Sasa hivi ungekuwa ndani, na dhamana umenyimwa."

Hapo ndipo nilipotambua uzito wa kosa lako. Kama ungedanganya kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, tungetumia kitabu chako kufungia chumvi na kukusahau. Wewe ulichukua simbamarara, minazi, chungu na mashujaa thelathini na sita wasio na kwao, ukawamwaga juu ya ukweli mmoja mdogo ambao mimi ninauhitaji kuliko mtu yeyote duniani, na sasa hauwezi kutoka bila kuwatoa wote.

6. Kuhusu Dakta wa vichwa. Katika ukurasa wa mwisho umemleta Dakta mmoja, bingwa wa kupima mafuvu, ambaye ameandika kwamba alilipima fuvu la Mzee Mwasaru mezani kwako. Anasema paji la uso limelala nyuma, taya limesogea mbele, na jino la chonge lina urefu wa inchi moja na nusu. Kutokana na vipimo hivyo ameamua kwamba watu wa kabila hili wana hasira za ghafla, hawapendi kazi, na wana tamaa kubwa ya nyama.

Mzee Mwasaru alisifiwa kwa upole. Watu waligombania mipaka wakaja kwake, akawapa asali kwanza, na waliorudi nyumbani hawakukumbuka mpaka uko wapi. Kuhusu meno sibishani na sayansi. Ukoo wetu una meno marefu kidogo, hata mimi nilitaniwa nikiwa shule. Nimejipima kwa rula ya darasani, yangu ni robo tatu ya sentimita. Nadhani tumepungua kwa sababu ya maharagwe. Lakini kutoka kwenye jino hadi kwenye uvivu, Dakta alipitia njia gani? Mimi mwanafunzi akinipa jibu bila kuonyesha kazi yake, ninampa sifuri.

7. Baada ya hayo, haya ndiyo maombi yangu.

(a) Naambatisha fomu niliyoipiga chapa mwenyewe kwenye mashine ya shule. Ina sentensi zote 412 za kisa, kila moja imepewa nambari, na mbele yake kuna nafasi mbili: KWELI na UONGO. Tafadhali weka alama. Sentensi ya 397, ile ya kunyakua fuvu, weka alama kwa wino mweusi na utie sahihi pembeni.

(b) Fuvu lirudishwe kwa kifurushi cha posta, lifungwe kwa pamba, liandikwe jina: Mzee Mwasaru, Mwanda. Usiandike "Mfalme". Forodha wataongeza ushuru.

(c) Ikiwa limepotea au limevunjika, tunaomba mbadala wa cheo kinacholingana. Fuvu la mhariri yeyote wa zamani ambaye halitumii litatosha. Tutaliweka katika nafasi ileile, la nne kutoka kushoto, tutalifuta vumbi kila baada ya mavuno na kulieleza shida zetu. Ikiwa ndugu zake wataona ni jambo la kishenzi, waambie tumejifunza kutoka kitabu kizuri chenye herufi za dhahabu. Tutalipima pia. Tunayo rula. Tutakachokiona kwenye meno yake tutakitumia kuamua tabia za watu wote wa London, na matokeo tutayachapisha katika jarida la shule.

(d) Jibu lifike kabla ya Jumamosi tarehe 22 Julai, siku ambayo wazee wa pande zote mbili watakutana Mwanda kwa mara ya mwisho. Najua siku ni chache. Lakini katika ukurasa wa 99 Reginald alipeleka habari kutoka Mwanda hadi London kwa siku tatu kwa kutumia njiwa. Mtume njiwa huyo.

Nimalizie kwa kuwasalimu wote mlio nao hapo ofisini: wapiga chapa, wafagizi, mchoraji ikiwa tangu wakati ule amewahi kuona kilima, na Dakta wa vichwa ikiwa chake bado kipo mahali pake. Msalimieni na Reginald. Kwa hesabu yangu ana miaka sabini na sita sasa; mwambieni namtakia afya, na kwamba simtaki yeye, namtaka tu mtu aliyeondoka naye.

Ni mimi ninayengojea jibu kwa adabu na kwa haraka,

Elsie Wakesho (Mwalimu)

N.B. Jumapili, 23 Julai 1972. Asubuhi ukungu Mwanda, jua lilitoka saa nne.

Mhariri, barua hii bado ninayo. Gibson alishauri isiende bila sahihi za pande zote mbili, naye ni karani, anajua barua isiyo na sahihi huishia wapi. Kwa hiyo jana nilipanda nayo Mwanda na kuisoma mbele ya wazee, kina Mghalu wakiwa wamekaa upande wao wa ua na sisi upande wetu.

Lalamiko la kwanza walicheka. La pili, Mama Gibson aliuliza ni nani basi aliyeliwa, akaambiwa angoje jibu kutoka London. La tatu lilileta ugomvi, kwa sababu kina Mghalu walidai mwenye pumu alikuwa wao na si wetu. La nne hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilipofika la sita, kwenye jino la inchi moja na nusu, Mama Gibson akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, inchi moja na nusu ni kiasi gani?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Huyo ni nyani," akasema. "Nyani dume, tena mzee. Nimewafukuza kwenye mahindi yangu miaka arobaini, nawajua kwa meno kuliko ninavyowajua wakwe zangu. Paji limelala, taya limekuja mbele... Jamani, Dakta mzima!"

Ua ulicheka pande zote mbili. Nilicheka na mimi, huku nikilificha jino langu. Aliyekosa kucheka ni Baba Mkubwa. Aliomba kofia yake, akaishika mapajani, kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika katika shajara kama yalivyo, nami nakupa kwa ufupi.

Mwaka 1912 babu Josephat alikuwa anajiandaa kubatizwa. Mwalimu wa misheni aliwaambia wanaojiandaa wasiguse tena mambo ya pangoni. Babu hakuweza kumwacha baba yake juu ya jiwe la baridi, kama mzee asiye na mtoto. Siku moja alimchukua Fanuel, mwanawe wa miaka kumi, wakapanda pangoni, wakamtoa Mzee Mwasaru wakamweka kikapuni, wakamfunika kwa viazi vitamu. Waliporudi kupitia uani kwa kina Mghalu, nyanya yake Gibson aliwasalimu, akaona kikapu hakijajaa, akawaongezea viazi vingine juu. Walikwenda wakamzika mwisho wa uwanja wa kanisa, bila jiwe, kwa sala ya Baba Yetu, ambayo babu alikuwa ameifikisha nusu tu.

Kisha likaja lile la kuhesabu. Kama babu angesema kweli, ukoo ungemtoza fahali kwa kumzika, na kanisa lingemnyima ubatizo kwa kumshika. Akasema ni kina Mghalu. Alikusudia kuirekebisha baada ya ubatizo. Baada ya ubatizo alikusudia baada ya mavuno. Alikufa mwaka 1949 akikusudia.

Na Reginald? Kijana huyo hakupanda Mwanda hata siku moja. Alilala na homa hemani kando ya stesheni ya Voi siku zote, akimwambia kila aliyepita kwamba anataka fuvu la mfalme. Babu alikuwa ameua nyani mkubwa wiki ile katika mahindi. Alimpelekea kichwa, akarudi na kisu cha kukunja. Kisu hicho ninakijua. Ndicho Baba Mkubwa alichokuwa akitukatia miwa tukiwa watoto.

Gibson akamuuliza, kwa heshima: "Mzee, mbona Wakesho alipokuletea kitabu hukukubali tu? Kilikuwa kimekuokoa."

Baba Mkubwa akajibu: "Nilikaribia, mwanangu. Nilipomsikia akinisomea, nikasema huyu Mungu amemtuma Mzungu anitue mzigo. Kisha nikawaza, tumewasingizia kina Mghalu miaka sitini, sasa tumsingizie na yule mgonjwa wa homa? Kumsingizia wa pili nilishindwa. Kuwasafisha wa kwanza sikuwa na nguvu."

Kisha alisimama ili atoe kinyongo kama ilivyo desturi yetu, yaani mtu hujaza kinywa pombe ya miwa, huipuliza nje, na kutamka kwamba kimekwisha. Lakini yeye ni mzee wa kanisa. Akaomba chai. Aliipuliza chai ya maziwa kuelekea kwa kina Mghalu, ikatua juu ya viatu vipya vya Crispus, mjomba wake Gibson. Crispus akaviangalia, akasema: "Mzee, kinyongo kimetoka. Lakini sukari umeweka nyingi."

Kwa hiyo, Mhariri, naondoa lalamiko la nne, la tano na la saba. Hatudai fuvu, wala la kwako hatulitaki. La sita nalikubali lote: vipimo vya Dakta ni sahihi kabisa, marehemu alikuwa na hasira za ghafla, hakupenda kazi, na alikula jasho la wengine. Dakta alikosea kabila tu. Endelea kumtumia kuzuia karatasi. La kwanza, la pili na la tatu yanabaki, kwa sababu simbamarara bado hajaelezwa.

Fomu ya KWELI na UONGO usijishughulishe kuijaza. Kila nilichokushitakia ulikichapisha mara moja na kuuza kwa watoto wa mbali. Uongo wetu hatukuuchapisha. Tuliwasomea kina Mghalu kila Jumapili kwa kukaa kulia. Baba Mkubwa amesema barua iende hivyohivyo, kwa sababu mtu akishitakiwa bure ana haki ya kujua kwamba ameshitakiwa. Anauliza pia kama homa ya Reginald ilipona.

Harusi ni Desemba, Gibson akipata likizo ya kurudi kutoka Kisumu. Jana kina Mghalu walikula kwetu. Walikuja watu kumi na saba na hakuna aliyekumbuka kuazima sahani mapema, kwa hiyo walikula kwa zamu, wazee kwanza. Mama Gibson aliongezewa maharagwe mara mbili, akasema yamekosa chumvi, akaongezewa mara ya tatu. Nilimaliza kuosha vyombo nikalala saa saba na dakika ishirini usiku.

E.W.